Uji wa Sakarini

Ng'ambo, Tabora
14 Novemba 1974

Mdogo wangu Sikuzani,

Mtoto amefika salama. Nimeliandika hilo kabla ya salamu kwa sababu najua ndilo unalolitafuta.

Mfaume alinikabidhi pale stesheni asubuhi, mtoto amelala begani mwa baba yake. Hakuamka mpaka tulipofika nyumbani. Alipofumbua macho akanitazama, akatazama mlango, kisha akalia kwa ile sauti ya marehemu baba alipokuwa akigombana na mafundi. Nikamwambia, "Lia, baba. Jina lake umelichukua, na sauti yake ichukue." Majirani wamekwisha kuzoea kunisikia nikimwita Nassibu baba, wanacheka.

Ziwa amelidai siku za mwanzo. Alikuwa ananivuta nguo, akikuta hakuna kitu ananizaba kofi. Sasa ameacha. Usijione umefanya neno la ajabu kumleta kwangu ukiwa na mimba nyingine. Hata wewe uliachishwa ziwa kwa bibi kule Igalula na ukarudi umenona. Na mimi tangu nilipoachwa na mume, nyumba hii ya baba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Mtoto ameijaza.

Tabu yetu ni chakula. Ugali anautema, mchuzi anautema. Anachotaka ni uji, na uji wenyewe uwe mtamu. Sukari nawe unajua. Watu wanashinda kwenye foleni na wanarudi na mikoba mitupu, na biashara yangu ya vitumbua ilikaribia kufa. Omari mwenye duka karibu na msikiti ndiye aliyenitoa. Kaniuzia sakarini, vidonge vyeupe vidogo kama punje ya mtama. Kimoja kinatosha sufuria nzima. Ukizidisha kinaacha uchungu nyuma ya ulimi, lakini ukijua kipimo hakuna anayetambua. Wateja wangu hawakutambua. Nikamtilia Nassibu kwenye uji, akanywa bakuli lote, akalishika bakuli tupu akalilamba.

Neno moja tu. Mbona mwepesi hivi? Nilipompokea nilidhani nimepewa bunda la nguo. Huko kijiji kipya mnakula?

Msalimie Mfaume.

Dada yako,
Mwanajuma


Usinge
2 Desemba 1974

Dada Mwanajuma, shikamoo.

Barua yako nilipewa na mtu wa stesheni, nikaisoma nimesimama pale pale kwenye reli. Mungu akulipe kwa kunilelea mwanangu.

Sisi hatujambo. Nyumba zetu sasa zimepangwa kwa mstari kando ya barabara, ukitoka mlangoni unamwona jirani mpaka anapopiga mswaki. Mfaume amechaguliwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo hatulali, kila mara mkutano. Chakula kipo. Usihangaike na hilo. Nassibu ni mwepesi kwa sababu alikuwa ametoka kuota meno na tumbo likamharibika kidogo.

Umenichekesha kuhusu sakarini. Sisi huku sukari tumekwisha kuisahau sura yake, na asali ambayo zamani tulipewa bure na wenye mizinga, mwaka huu hakuna. Ukame umewakimbiza nyuki. Basi kama mwanangu amepata utamu huko mjini, bora apate. Ila niambie, si dawa ile? Haimdhuru?

Mimba inaniendea vizuri, isipokuwa miguu inauma.

Mdogo wako,
Sikuzani


Ng'ambo, Tabora
20 Januari 1975

Mdogo wangu,

Marahaba. Sakarini si dawa. Nilimwuliza Omari, akasema Wazungu wenye ugonjwa wa sukari wanaitumia kwenye chai miaka na miaka na hawafi. Kama mtu mgonjwa anaitumia, mtoto mzima ataogopa nini?

Nassibu ameuzoea uji wake mpaka hataki kingine kabisa. Nilimpondea dagaa, akakunja uso kama mzee aliyeonja shubiri. Nilimpa maharage, akayapanga kwenye mkeka mojamoja akamlisha kuku. Jirani yangu akasema nimwache na njaa, atakula. Nikamwacha tangu asubuhi. Alilia mpaka akakaukiwa sauti, na mimi moyo ukanishinda. Nikampikia uji. Unajua sijazoea kilio cha mtoto, labda wenye watoto wana masikio mengine.

Unga wa mahindi ni wa shida, kwa hiyo natumia wa muhogo. Naufanya mwepesi ili aweze kuunywa kwenye kikombe mwenyewe. Kidonge kimoja sasa anakiona si kitu, analeta kikombe anasema "tamu, tamu". Natia viwili. Neno hilo ndilo alilolijua kwanza baada ya "mama", na "mama" anapolisema sijui anamwita nani kati yetu.

Leta habari za mimba.

Mwanajuma


Usinge
16 Februari 1975

Dada, shikamoo.

Naandika kwa haraka, karani wa stesheni anasubiri. Mimba imekuwa nzito na mvua zimekuja zote kwa pamoja baada ya kutukimbia. Njia ya kwenda shambani imekuwa tope tupu.

Nassibu anatembea? Alipoondoka hapa alikuwa ameanza, anashika ukuta hatua chache kisha anakaa kitako na kujipigia makofi. Niambie kama sasa anakimbia. Jana nilimwota anakimbia.

Sikuzani


Ng'ambo, Tabora
3 Machi 1975

Mdogo wangu Sikuzani,

Leo nina habari za kukufurahisha. Mwanao amenenepa! Ungemwona usingemjua. Mashavu yamejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Miguu nayo imejaa, vile viatu nilivyomnunulia havimwingii tena. Aliyekuja kwangu kama kifaranga sasa ni mtoto wa mtu.

Nywele zimebadilika, zimekuwa laini, zimenyooka na wekundu kidogo kama za mtoto wa Kiarabu. Wanawake wa hapa mtaani wananiuliza nampaka nini. Na utulivu wake! Yale makelele ameyaacha yote. Ukimweka kwenye mkeka anakaa hapo hapo mpaka umwondoe, halii, hadai, anatazama tu. Juzi alikuja mgeni akasema hajaona mtoto mwenye adabu kama huyu.

Umeuliza kuhusu kutembea. Bado. Nadhani unene umemlemea. Ngozi ya miguuni imeanza kubanduka kidogo kama ya mtu aliyeungua na jua, nampaka mafuta ya karanga.

Uji wenyewe siku hizi hamalizi, lakini kwa unene huo sina wasiwasi.

Dada yako mwenye furaha,
Mwanajuma


Usinge
11 Machi 1975

Dada,

Nimemkabidhi gadi wa treni barua hii ailete mkononi mwako. Bonyeza mguu wa Nassibu kwa kidole gumba, juu ya wayo, kisha ondoa kidole. Kama shimo linabaki, usiendelee kusoma. Mbebe umpeleke hospitali, kisha urudi umalizie barua.

Nilikuwa zahanati kupimwa mimba. Tulikuwa wanawake wengi kwenye benchi, na nilikuwa na barua yako mfukoni. Nikawasomea kwa furaha, nikitaka nao wasikie mwanangu alivyonenepa. Nesi wetu, Mama Veneranda, alikuwa anampima mtu mwingine. Akaacha.

Akasema, "Hebu rudia hapo kwenye nywele."

Nikarudia.

"Na miguu?"

Nikarudia.

"Anacheza?"

Nikamwambia dada amesema ametulia sana, ana adabu.

Akakaa chini mbele yangu, dada, nesi mzima na nguo yake nyeupe akakaa kwenye sakafu. Akasema, "Sikiliza, Mama Nassibu. Huo si unene. Hayo ni maji. Mtoto huyo ana utapiamlo, ule unaoitwa kwashakoo. Anakula nini?" Nikamwambia uji. Uji wa nini? Wa muhogo. Una maziwa? Una karanga? Una sukari? Nikamwambia una sakarini. Akafumba macho. Akasema, "Basi hauna kitu."

Sikumaliza kupimwa. Ningekuja mwenyewe na treni hii hii, lakini Mama Veneranda amekataa, anasema naweza kujifungulia njiani.

Mbebe sasa hivi.

Sikuzani


Ng'ambo, Tabora
17 Machi 1975

Sikuzani,

Shimo lilibaki.

Nilimbeba kwa khanga niliyokuwa nimeivaa, sikufunga hata mlango. Wamemlaza wodi ya watoto. Yuko hai. Hali, hanywi, wanampitishia maziwa kwa mpira puani. Anaharisha pia. Mimi nalala chini ya kitanda chake, na barua hii naiandikia kwenye ngazi za wodi.

Sasa na mimi nina maneno yangu.

Nesi wa hapa alinisimamisha mbele ya watu. "Mmemlisha nini mtoto huyu?" Nikasema. Akawageukia wenzake akasema, "Mwingine wa uji wa maji huyo." Watu wakanitazama. Na huko nako umekwisha kunisoma mbele ya benchi zima la wanawake. Kwa hiyo kutoka Usinge mpaka Tabora mimi ndiye mwanamke aliyemharibu mtoto wa nduguye kwa sakarini.

Lakini sakarini nilikuandikia. Sikuificha. Wewe ukanijibu kwa mkono wako, bora apate utamu. Barua ninayo.

Na wanawake wa wodini humu wanasema jingine. Wanasema mtoto havimbi hivi kwa uji. Anavimba kwa sababu mama amepata mimba angali ananyonyesha, mtoto akanyonya maziwa yaliyoharibika. Wanasema amebemendwa. Mimi nilimpokea mwepesi kama bunda la nguo, nikakuuliza kwa nini, ukaniambia ni meno. Sasa nakuuliza tena. Alikuwa na nini mtoto huyu uliponiletea?

Mwanajuma


Usinge
26 Machi 1975

Dada,

Nimeisoma barua yako. Unanitupia kubemenda, mimi ndugu yako, wakati mwanangu ana mpira puani.

Akitoka wodini Mfaume atamfuata. Hatarudi nyumbani kwako. Nilikosea kudhani kila mwanamke anaweza kulea. Mtu ambaye hajazaa hawezi kumjua mtoto mgonjwa hata akimpakata.

Sikuzani binti Nassibu


Usinge
9 Aprili 1975

Shemeji Mwanajuma,

Salaam. Sina mkono mzuri wa kuandika lakini nimeona hili haliwezi kuandikwa na mtu mwingine.

Sikuzani amejifungua mtoto wa kike. Tumemwita Minza, jina la mama yangu. Mtoto ni mdogo sana na mama yake hana nguvu, maziwa yanatoka kwa shida. Hajui kama nakuandikia. Ile barua yake ya mwisho aliituma bila kunionyesha, na aliponiambia alichoandika sikumkemea, maana nilijua kosa liko wapi.

Shemeji, sisi hatuna chakula tangu mwaka jana. Tulihamishwa kuja barabarani mahindi yakiwa hayajakauka shambani kwetu kwa zamani. Tuliporudi kuvuna tukakuta nguruwe pori wamemaliza. Hapa kijiji kipya tulilima tukiwa tumechelewa, na jua likamaliza kilichoota. Tunaishi kwa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, unaoletwa kwa gari, na gari lenyewe lina siku zake. Sikuzani alikuwa anampa Nassibu sehemu yake, yeye akilala na maji. Ziwa likakauka. Mtoto alikuwa amekwisha kudhoofu kabla hatujamleta kwako. Hatukumleta kwa sababu ya mimba tu. Tulimleta ili ale.

Utauliza kwa nini hakukuambia. Mimi ndiye niliyemkataza. Mimi ni balozi wa nyumba kumi. Kila mkutano nasimama nawaambia watu wavumilie, kijiji kitasimama. Niliogopa barua ikisomwa njiani itasemwa kwamba balozi mwenyewe analalamika njaa. Niliona aibu pia mbele yako. Nilipokuja kumwoa mdogo wako, niliwaahidi kwamba hatalala na njaa.

Kubemenda hakukuwapo. Njaa ilikuwapo. Ukitaka kugomba, gomba na mimi.

Nasubiri utakavyosema.

Mfaume


Ng'ambo, Tabora
24 Aprili 1975

Mdogo wangu Sikuzani,

Hongera ya Minza. Mungu amkuze.

Ile barua yako nimeisoma. Ile yangu nawe umeisoma. Ya kubemenda nayaondoa, niliyaokota wodini nikiwa na hofu nikayatupa palipo karibu. Neno lako la kuzaa mimi sikuagizi uliondoe. Nimelibeba, labda litapungua uzito.

Mfaume ameniandikia. Usimgombeze, alifanya vizuri. Ila ningejua, Sikuzani! Ningejua kwamba mtoto ametoka kwenye njaa nisingeridhika na uji. Ningemlisha maharage hata kwa kumshikia kifimbo. Nilidhani nimepewa mtoto mwenye kiburi cha kuchagua chakula, kumbe mtoto alikuwa mgonjwa na hamu imemtoka.

Sasa sikiliza habari zake. Mpira wameutoa. Lakini ulipotoka tukapata vita vingine. Kuna maziwa wanayokoroga hapa pamoja na mafuta ya kula na sukari ya kweli, anapewa kidogo kidogo mchana kutwa. Akayakataa. Analamba kijiko, anageuza uso, ananitazama mimi, anasema "tamu". Nikamwambia daktari, lakini yana sukari haya, mbona anasema si matamu? Daktari ni kijana, hana maneno makali kama yule nesi. Akaniambia sakarini ni tamu kuliko sukari mara nyingi sana, na ulimi wa mtoto ukizoeshwa huo utamu, chakula cha kawaida unauona kama maji.

Nikamwuliza lile lililokuwa linaninyima usingizi. "Nimempa sumu?"

Akasema, "Hapana, mama. Ingekuwa sumu ungeiona mapema. Hii haikumfanya lolote, na hapo ndipo shida ilipo. Ukitia sukari kwenye uji, walau mtoto anapata nguvu kidogo. Ukitia karanga anapata mwili. Hii inamfanya amalize bakuli, na wewe unamwona amemaliza, unaridhika. Mwili wake haujapata kitu."

Sikuzani, nilimaliza miezi nikilihesabu bakuli tupu kuwa ni shibe.

Basi nikaanza naye upya. Nakaa naye mkekani, na mimi nakula hayo hayo mbele yake, nafanya kama nimeletewa biriani. Nampaka kidogo mdomoni, anatema. Nampaka tena. Mama mmoja wa Igunga ambaye mtoto wake yuko kitanda cha pili aliniambia nikae na mtoto wangu karibu na wengine wanaokula, aone wanavyogombea. Ikasaidia. Siku moja akamnyang'anya mtoto wa yule mama kikombe, akanywa, akakumbuka kwamba hayapendi, akakunja uso, akanywa tena.

Uvimbe ukashuka. Hapo niliogopa zaidi kuliko alipovimba, maana maji yalipoondoka nikaona kilichobaki. Mifupa, Sikuzani. Na ile ngozi.

Halafu juzi alilia. Nilimvua shati kumwogesha, maji yalikuwa ya baridi, akalia kwa ile sauti ya baba. Nikasimama na kopo mkononi. Yule nesi wa kelele akaja mbio akidhani nimemwunguza. Alipoona nalia na mimi, akacheka, akaniambia, "Mama, mtoto anayegomba anapona. Mwongezee kilio." Tumepatana naye tangu siku hiyo.

Nimempa gadi kifurushi chako. Kuna dagaa wa Kigoma, karanga, na chupa ya mafuta. Vyote ni vyako wewe unayenyonyesha, si vya mkutano wa Mfaume. Pika ule.

Umesema mtoto hatarudi kwangu. Ni wako. Akiruhusiwa nitamleta mwenyewe, Mfaume asiache shamba.

Mwanajuma


Usinge
22 Juni 1975

Dada yangu Mwanajuma, shikamoo.

Tangu treni yako ilipoondoka nimeanza barua hii na kuiacha. Uliposhuka pale stesheni na Nassibu mgongoni, nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi, na ulipofika nikakuuliza kama safari ilikuwa na vumbi. Siku zote ulizokaa hapa tulizungumza habari za karanga. Ukaondoka. Basi nisiposema kwenye karatasi sitasema tena.

Niliandika neno baya juu yako na kuzaa. Nalitoa, ingawa hukuniagiza. Siku ile nilipoisikia kauli ya Mama Veneranda, nilijua moyoni kwamba mwanangu alianza kufa mikononi mwangu, wala si mwako. Nilitaka kosa liwe lako lote, dada, ili lisiwe langu. Ndiyo maana nilikuchoma pale ninapojua panauma.

Sasa habari za hapa. Nassibu anatembea. Ukuta ameuacha, anatoka mpaka kwa jirani kuomba, na maharage ambayo alikuwa anayalisha kuku, sasa anamnyang'anya kuku. Nywele nyeusi zinaota chini ya zile nyekundu. Minza amepata shavu, nimembonyeza miguu, hakuna shimo. Mihogo yetu ya barabarani imekubali, na karanga tulizopanda mvua za Februari zilipokuja zimetupa gunia. Gari la yanga halitushughulishi sana. Nassibu analala vizuri, isipokuwa jioni anasimama mlangoni anaita "mama", na nikiitika ananitazama, kisha anageukia njia ya stesheni. Nilikuwa nahuzunika. Sasa namwambia, atakuja.

Sikumwambia hivyo kumbembeleza. Sikiliza.

Kijiji kinafungua kituo cha watoto wadogo, ili mama zao waweze kwenda shamba la ujamaa. Watoto watakuwa wanapewa uji asubuhi na chakula mchana. Juzi kulikuwa na mkutano wa kumchagua mama wa kuwapikia na kuwatunza. Mfaume alikuwa mezani na viongozi, akanyamaza kwa sababu ni shemeji yako. Wakataja huyu na yule. Mmoja hana nafasi, mwingine ana mtoto mchanga. Mwenyekiti akauliza kama kuna jina lingine.

Nikasimama na Minza mgongoni. Nikasema, "Dada yangu Mwanajuma binti Nassibu, wa Tabora. Hana mtu wa kumfunga huko, na anajua kupika."

Mke wa jirani yetu Limbu akasema kwa sauti, "Mwanajuma yupi? Yule aliyemlisha mwanao sakarini mpaka akalazwa?"

Watu wakageuka kunitazama. Mama Veneranda naye alikuwapo, akanitazama.

Nikasema, "Huyo huyo. Na ndiye aliyekaa naye wodini mpaka akala. Kati yenu nani amewahi kumfundisha kula mtoto aliyekataa kila kitu? Huyo dada yangu anajua bakuli tupu linavyoweza kumdanganya mtu, kwa sababu lilimdanganya. Nyinyi bado halijawadanganya."

Hawakupiga makofi. Walibishana sana. Mwisho mwenyekiti akasema aitwe, ajaribiwe mpaka mavuno yajayo.

Chumba tumekijenga upande wa pili wa ua. Paa bado, lakini nyasi zimekatwa.

Sema ndiyo, dada.

Sikuzani


Ng'ambo, Tabora
5 Julai 1975

Mdogo wangu,

Nyumba nimempangisha mwalimu mmoja na mkewe, watu safi. Sufuria kubwa la vitumbua naja nalo, na kinu, maana vinu vya huko nimeviona, vimepasuka. Karanga zisimenywe mpaka nifike.

Mke wa Limbu usimchukie. Mimi ningekuwa nimeketi kwenye mkutano ule, ningeuliza swali hilo hilo. Mwambie yeye na wenzake waje na watoto wao siku ya kwanza, wakae jikoni waone kila ninachotia kwenye sufuria. Kisha waonje wao kabla ya watoto.

Nafika na treni ya Alhamisi. Njooni na Nassibu stesheni, lakini msimbebe. Nataka nimwone anavyokuja kwa miguu yake.

Mwanajuma